Sarafu Isiyonaswa na Sumaku Bado Yaweza Kuwa Bandia

Wengi huamini kwamba sarafu ya kale ya fedha isiponaswa na sumaku, basi ni halisi. Lakini risasi, bati, zinki na shaba, metali wanazozipenda waghushi, nazo hazinaswi. Sumaku hufaa kuikataa sarafu, kamwe si kuithibitisha.

Chukua tetradrakma (sarafu ya fedha ya drakma nne) ya Athens yenye bundi, ya karne ya 5 KK, ambayo huwa na gramu 17.2 hivi. Ipime kavu kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uitumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi mwembamba bila kugusa kikombe. Gawanya uzito mkavu kwa namba unayoisoma sasa, upate msongamano wa metali. Fedha safi hutoa 10.5, yaani utasoma gramu 1.64, bati hutoa 7.3. Mapovu ya hewa yakiganda kwenye sarafu, jibu hushuka kwa uongo, hivyo yaondoe kwanza.

Waghushi stadi, hata hivyo, hutumia fedha halisi. Hapo kagua ukingo kwa lenzi ya mara 10: sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha vishimo vya mviringo au mshono uliosuguliwa kwa tupa. Dalili nzito kuliko zote ni pacha. Sarafu halisi za kale ziligongwa moja moja kwa mkono, kwa hiyo ukikuta mbili zenye umbo, mipasuko na mikwaruzo ileile, angalau moja ni nakala.