Nyekundu si jina la oili

Jumatatu imeletwa Toyota Vitz nyingine hapa Ngamiani, Tanga, imevutwa kwa kamba toka Muheza. Ya tatu tangu Mfungo Sita. Mwenyewe ananiambia yale yale: "Fundi, haidroliki nimetia juzi tu, nyekundu, safi!"

Nyekundu! Jamani, haidroliki ni oili ya giaboksi ya otomatiki, ATF, na wekundu ule ni rangi tu, imetiwa ili ukiona tone chini ya gari ujue inavuja giaboksi, si injini. Dexron nyekundu, T-IV nyekundu, WS nyekundu. Kwa kipimo hicho hata juisi ya choya ingefaa. T-IV na WS zote za Toyota, ila WS ni nyepesi zaidi, na Toyota wenyewe wamekataza kutia moja badala ya nyingine. Hilo tuliache.

Kinachonichosha ni CVT. Vitz za mwanzo, 1999 hadi 2005, otomatiki zake nyingi zina gia nne. Zilizofuata, nyingi ni CVT: ndani hamna gia za kupanda na kushuka, kuna mkanda wa chuma uliobanwa na puli mbili. Chuma kinashika chuma ndani ya oili! Kwa hiyo oili yake ilainishe, na hapo hapo iache mkanda ung'ang'anie puli. ATF ya kawaida imetiwa dawa ili klachi zishike taratibu, bila mshtuko. Itie kwenye CVT, mkanda unateleza na kukwaruza puli. Pongwe utafika unapiga mluzi. Mlima wa Soni ndio utakaokwambia. Na umbo la gari lisikudanganye: Vitz ile ile ya 4WD, ya 2005 hadi 2010, ina gia. Soma kibao cha chasisi, mstari wa TRANS/AXLE, au stiki ya oili. Hata kitabu cha Kijapani, herufi CVT utaziona.

Kuna linaloninyima raha. Giaboksi iliyotembea miaka bila kubadilishwa oili, nikibadilisha, nyingine inalainika, nyingine inaanza kuslip wiki hiyo hiyo. Oili mpya imeiua, au klachi zilishakwisha? Miaka yote hii bado nabishana na nafsi yangu. Oili ya zamani ikinuka kuungua, giaboksi hiyo siigusi.

Yule wa Muheza akauliza, tukimwaga tukatia ya CVT haitapona? Nikafungua sampo, beseni la oili chini ya giaboksi, nikampa ile sumaku ya ndani inayonasa chembe za chuma aishike mwenyewe. Imeota ndevu za chuma.