"Si ni mapacha? Lazima tumbo liwe kubwa": dhana potofu kuhusu mapacha wa kondo moja

Kuna maneno nimechoka kuyasikia, na nimechoka kwa sababu najua yanakoishia. Mama ana mimba ya mapacha, yuko wiki ya 19. Ndani ya siku chache tumbo limejaa hadi ngozi inang'aa, hawezi kulala chali, akitembea hatua kidogo anahema. Anauliza, na kila anayemuuliza anamjibu hivyo hivyo: "Si ni mapacha? Lazima tumbo liwe kubwa." Wakati mwingine anayejibu ni mhudumu wa afya. Basi mama anatulia, anasubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, na anapofikishwa kwangu muda tuliouhitaji umeshapita.

Tumbo la mapacha ni kubwa, hilo halina ubishi. Lakini hukua taratibu, wiki baada ya wiki. Tumbo linalojaa ghafla, likakaza na kumbana mama pumzi, katika mimba ya mapacha wanaochangia kondo la nyuma, ni dharura mpaka ultrasaundi iseme vinginevyo. Unakwenda leo, hata kama tarehe ya kadi haijafika.

Kiini cha jambo lote ni kondo. Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililorutubishwa kisha likagawanyika, na siku ya kugawanyika ndiyo inayoamua aina ya mimba. Likigawanyika ndani ya siku 3 za mwanzo, kila mtoto hujipatia kondo lake na chupa yake ya uzazi, yaani mfuko wa utando wenye maji anamoelea. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, watoto huchangia kondo moja ila kila mmoja ana chupa yake. Hawa ndio wengi, karibu theluthi mbili ya mapacha wote wa kufanana. Baada ya siku ya 8 huchangia hata chupa, na hao ni wachache sana, kama 1 katika kila 100.

Kuchangia kondo ni kuchangia damu. Juu ya kondo hilo mishipa ya mtoto mmoja hukutana na mishipa ya mwenzake, na karibu kila kondo la namna hii lina miunganiko hiyo. Mara nyingi damu inayokwenda huku hurudi kule, na mimba huendelea vizuri. Ila katika mimba 10 hadi 15 kwa kila 100 za aina hii, damu huhamia upande mmoja zaidi ya inavyorudi, na huo ndio ugonjwa wa mapacha kuhamishiana damu. Mtoto anayetoa hupungukiwa, figo zake hupunguza kazi, mkojo unakatika. Na kwa kuwa katika umri huo maji ya uzazi kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, chupa yake hukauka. Anayepokea naye huzidiwa na damu: anakojoa kupita kiasi, chupa yake inafurika, moyo wake unatanuka kwa mzigo. Maji hayo ndiyo yanayolijaza tumbo la mama kwa siku chache. Watoto wenyewe wala hawajaongezeka ukubwa kiasi hicho.

Ukiiona hali hii kwenye skrini huisahau. Mmoja anaelea kwenye maji mengi, na kibofu chake ni doa jeusi kubwa katikati ya nyonga. Mwenzake amebanwa ukutani mwa mfuko wa uzazi, hasogei mama akigeuka ubavu, kibofu chake hakionekani. Utando wa chupa yake umemgandia mwilini kama nguo iliyolowa, kiasi kwamba mpimaji asiye mzoefu hauoni kabisa. Anadhani watoto wote wawili wako ndani ya maji yale yale, na anaandika "maji yanatosha". Ripoti za namna hiyo nimezishika mkononi, na zinaniuma kwa sababu mama alifanya kila alichoambiwa: alikwenda, akapimwa, akaambiwa salama.

Kwa hiyo maji ya kila pacha yapimwe peke yake. Kina cha maji kikiwa chini ya sentimita 2 kwa mmoja na zaidi ya sentimita 8 kwa mwingine, ugonjwa upo, hata kama mioyo yote miwili inadunda vizuri na mama anahisi watoto wakicheza. Wengi huniambia, "Lakini dokta, mapigo yalisikika yote mawili." Mapigo husikika hata mtoto akiwa katika hali mbaya. Hicho si kipimo cha kukutuliza.

Ugonjwa huu hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 16 na ya 26, na mwanzoni mama hahisi chochote. Ndiyo sababu mimba ya kondo moja inahitaji ultrasaundi kila baada ya wiki 2 kuanzia wiki ya 16, bila kuruka. Wiki 4 ni muda mrefu mno: mimba iliyokuwa shwari siku ya kwanza inaweza kufika hatua mbaya kabla ya kipimo kinachofuata. Watu hulalamika kwamba madaktari tunapenda kuwapimisha bure. Kwa mimba hii sitaomba radhi kwa kipimo hata kimoja.

Tena tiba ipo. Kifaa chembamba chenye kamera hupitishwa tumboni mwa mama hadi ndani ya chupa iliyojaa, na daktari huunguza kwa leza mishipa inayounganisha watoto, mmoja baada ya mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Ulaya ulilinganisha leza na njia ya zamani ya kuvuta maji kwa sindano. Kwa leza, angalau mtoto mmoja alinusurika katika mimba 76 kwa kila 100. Kwa kuvuta maji, 56. Kuvuta maji humpa mama nafuu ya pumzi, lakini mishipa inabaki wazi na tatizo linaendelea. Leza haipatikani kila hospitali, na rufaa ina taratibu zake, kwa hiyo kila siku inayopotea kwa "si ni mapacha" inatolewa kwenye muda wa kumfikisha mama mahali penye huduma.

Sasa ushauri wangu, ambao wagonjwa wangu wanaujua kwa moyo. Kati ya wiki ya 11 na ya 14 hakikisha umepimwa na mtu anayejua kuhesabu makondo. Kipindi hicho utando unaotenganisha watoto huonyesha wazi unavyokutana na kondo: ukiingia mwembamba, ukasimama kama herufi T, kondo ni moja; ukiwa na pembe nene ya nyama ya kondo katikati yake, makondo ni mawili. Baadaye alama hizo hufifia na tunabaki kubahatisha. Jibu liandikwe kwenye kadi, kwa maneno kamili. Halafu nunua daftari. Kila kipimo uliza na uandike: kina cha maji ya kila mmoja, kibofu cha kila mmoja kimeonekana au la, uzito wa kila mmoja, na mtiririko wa damu kwenye kamba ya kitovu. Hakikisha pacha wa kwanza wa leo ndiye yule yule wa kwanza wa juzi. Mpimaji akikasirika kwa kuulizwa, muulize hivyo hivyo.

Dhana nyingine ya karibu na hiyo ni kwamba mkubwa ndiye mzima, na anamnyonya mwenzake chakula, kwa hiyo mama ale zaidi ili mdogo naye apate. Hapana. Katika ugonjwa niliouelezea, huyo mkubwa anayeonekana amenawiri ndiye ambaye moyo wake unaweza kushindwa. Wote wawili ni wagonjwa. Na kuna hali tofauti kabisa ambapo kondo halikugawanywa sawa: mmoja kapata sehemu kubwa, mwingine kipande kidogo, mara nyingi kitovu chake kimejishika pembeni kabisa. Huyo hukua kwa shida, na uzito wao ukipishana kwa asilimia 25 au zaidi tunaongeza ufuatiliaji. Sahani ya pili ya chakula haiongezi kipande cha kondo. Mama ale vizuri kwa ajili ya afya yake mwenyewe, na vidonge vya madini ya chuma asiviache, maana upungufu wa damu huwapata sana wenye mapacha.

"Makondo mawili, basi si wa kufanana." Si kweli; karibu theluthi moja ya mapacha wa kufanana wana makondo mawili. Jinsia moja nayo haithibitishi kwamba wanafanana. Kwa usalama wa mimba linalohesabika ni idadi ya makondo, sura mtazijua wakizaliwa.

"Mapacha wa kufanana wanatoka ukoo wa baba." Kwa kawaida hawatoki ukoo wowote. Hutokea karibu sawa duniani kote, kama uzazi 3 au 4 katika kila 1,000. Wanaofuata ukoo ni wasiofanana, na hapo ukoo unaohusika ni wa mama.

Kulala kitandani miezi yote. Hili nalo hunikera, kwa sababu hutolewa kama amri. Tafiti za mapumziko ya kitandani kwa mimba za mapacha hazikuonyesha kwamba yanazuia uchungu wa mapema. Yanachoongeza ni hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, misuli kulegea, na mama kushinda ameikodolea dari akiwaza mabaya. Ukichoka pumzika. Acha kazi nzito na safari za kuchosha. Lakini tembea, oga, pika kama unaweza, toka nje. Usalama wa mimba hii unatokana na vipimo vya mara kwa mara, na kitanda hakipimi kitu.

Kutoka hapo ndipo linapokuja jambo linaloniumiza kuliko yote: lawama. Mama ananiuliza kama ni kwa sababu alibeba ndoo, alilala ubavu usiofaa, aligombana na mumewe, au aliwahi kutamani iwe mimba ya mtoto mmoja. Wengine wameshaambiwa hivyo na watu wa nyumbani. Mama, mishipa ile ilijipanga yenyewe katika wiki za mwanzo kabisa, pengine kabla hujajua una mimba. Hakuna ulichobeba wala ulichowaza kilichoielekeza. Hofu unayoihisi kila ukisubiri kipimo ni ya haki, na kulia hakuwadhuru watoto. Usiende kipimo peke yako kama kuna mtu wa kukusindikiza. Ukiona usingizi umekatika kabisa, au hutaki kula wala kuongea na mtu, liseme kliniki kama unavyosema maumivu ya tumbo, nalo litibiwe.

Mmoja akifariki tumboni, familia hudai yule wa pili atolewe saa ile ile, na huogopa kwamba aliyefariki atamtia mama sumu. Katika mimba ya kondo moja, mwenzake akifa damu ya aliyebaki inaweza kuhama ghafla, na madhara hutokea wakati huo huo. Anaweza kufa naye, au ubongo wake ukaumia. Kumtoa haraka akiwa na wiki 24 hakurudishi kilichotokea, kunamwongezea tu unjiti. Mara nyingi tunasubiri, tunamfuatilia mama na mtoto, na ubongo hupigwa picha ya MRI baada ya wiki kadhaa. Sumu haipo.

Kuhusu kujifungua, nasikia mambo mawili yanayopingana: kwamba mimba ifike miezi 9 kamili, na kwamba mapacha wote ni upasuaji. Kondo moja lenye chupa mbili, bila matatizo, kwa kawaida hupangiwa kuzaa wiki ya 36, kwa sababu kuendelea zaidi kunaongeza hatari ya kifo tumboni. Wanaochangia hata chupa hutolewa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na ya 34, kwani vitovu vyao hujisokota pamoja. Kabla ya hapo mama huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Kwa wenye chupa mbili, pacha wa kwanza akitanguliza kichwa na wote wakiwa na hali nzuri, njia ya kawaida inawezekana. Utafiti mkubwa wa mwaka 2013, uliohusisha wanawake 2,800 hivi katika nchi 25, haukuona kwamba kupanga upasuaji kuliwaongezea watoto usalama. Sharti ni moja: iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji kilicho tayari, damu ya kuongezewa, na wahudumu wa kumpokea kila mtoto peke yake.