Mukuba, yaani shaba, haukugunduliwa na Wabelgiji

Ukitoka Lubumbashi kwa gari kuelekea Likasi, mbele ya shimo la zamani hakosi mtu wa kusema: “Hapa Wabelgiji waligundua mukuba.” Si kweli, na inaniuma kuona mababu wakifutwa hivyo. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba mukuba, iliundwa mwaka 1906. Karne nyingi kabla yake, mafundi wa huku walichimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakaiyeyusha katika tanuru za udongo kwa makaa na mivukuto, wakaimimina shaba kwa umbo la msalaba. Hata Kalukuluku, kwenye mgodi wa Étoile, Wazungu walikuta mashimo tayari. Misalaba hiyo, nayo, haikutoka kwa wamisionari: ilikuwa fedha, ikalipiwa mahari, ikazikwa na wafu kule Sanga, kando ya ziwa Kisale.