Tambazi, sindano na mguu unaowaka moto

Ijumaa iliyopita bibi mmoja aliletwa kwa bodaboda na kijana wake. Mguu wa kulia ulikuwa umefunikwa khanga, umepakwa majani yaliyopondwa kuanzia kifundoni hadi chini ya goti. Sijagusa kitu bado, kijana akasema kwa adabu kabisa: "Shikamoo daktari. Tunaomba asichomwe sindano. Hii ni tambazi."

"Marahaba. Mguu umeanza lini?"

"Jumapili."

Siku tano. Siku tano za homa, kutetemeka na kutapika. Alikuwa amepimwa malaria mara mbili, hakuna malaria, na dawa mseto akapewa vilevile. Huyu ni wa tatu mwezi huu kuniletea maneno hayohayo, na wa kwanza kati ya hao watatu alifika amechelewa kabisa. Ndiyo maana leo naandika.

Jina lenyewe silipingi. Tambazi ni kitu kinachotambaa, na aliyelitunga aliangalia vizuri: kuna uvimbe unaosambaa mwilini kwa saa na siku, wenye moto na maumivu. Tatizo ni kwamba jina hilo moja limebeba magonjwa matano au sita. Jipu lililojificha ndani ya msuli wa paja huitwa tambazi. Usaha wa mfupa kwa mtoto, tambazi. Damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani, tambazi. Na selulaitisi ya mguu, yaani maambukizi ya bakteria kwenye ngozi na nyama laini iliyo chini yake, nayo ni tambazi. Tiba zao hazifanani hata kidogo. Kuna wa vidonge, kuna wa kisu, kuna wa dawa ya kuyeyusha damu.

Na hili la kwamba mwenye tambazi akichomwa sindano anakufa? Nimelifikiria sana, na sidhani limetoka hewani. Mtu anakaa na mguu nyumbani wiki mbili, anapakwa ndulele, anachanjwa wembe ili damu chafu itoke. Anapoletwa hospitali bakteria wameshaingia kwenye damu, presha imeshuka, hatambui watu. Saa kumi jioni anachomwa sindano. Saa kumi na mbili amefariki. Ndugu wote wameona kwa macho yao: sindano, kisha kifo. Bakteria hakuna aliyewaona. Ningekuwa mwanawe, pengine nami ningeamini hivyo maisha yangu yote. Lakini aliyemuua ni zile wiki mbili, na kila familia inayosimulia kisa hicho upya inamchelewesha mgonjwa mwingine.

Turudi kwa mguu wa bibi. Vitabu tulivyosomea vinasema selulaitisi ni wekundu, uvimbe, joto na maumivu, na picha zake ni za miguu ya Wazungu, mekundu kama nyanya. Mgonjwa wangu ni mweusi. Wekundu huo hautauona, na nimeshaona vijana wenzangu kazini wakiandika "hakuna wekundu" kisha wakamrudisha mtu nyumbani na panadol. Kwenye ngozi nyeusi tafuta zambarau iliyokolea, au weusi unaong'aa kuliko mguu wa pili, kama ganda la bilinganya. Ngozi imejaa, mikunjo imepotea, na wakati mwingine vitundu vya vinyweleo vinaonekana kama ganda la chungwa. Hata hivyo macho yanadanganya, hasa chini ya taa ya wodini. Mimi naweka mgongo wa mkono, si kiganja, kwenye mguu mzima kwanza, halafu kwenye mguu mgonjwa. Kisha nafumba macho na kushusha kidole taratibu kutoka gotini kwenda chini. Kuna mahali joto linaanza ghafla, na mara nyingi unasikia kabisa kijingazi kidogo pale ngozi iliyovimba inapoanzia. Hapo ndipo mpaka ulipo, na hapo ndipo nachora mstari. Wino wa kalamu ya kawaida haukai vizuri kwenye ngozi yetu, kwa hiyo natembea na kalamu nene ya kuandikia mabango. Pembeni ya mstari naandika siku na saa.

Kisha kinena. Bibi alikuwa na mtoki upande uleule wa kulia, mkubwa kama kungu na unauma. Mtoki na mguu wa upande mmoja vinasimulia habari moja. Na hapa niseme jambo linalowapoteza wengi: homa inaweza kutangulia. Mtu anaanza kutetemeka na kutapika leo, mguu unavimba kesho. Siku ile ya kwanza kila mtu anafikiria malaria. Kipimo kikionyesha hakuna, usiandike dawa mseto kwa mazoea. Mvue viatu, mfunue miguu.

Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja na kubadilika rangi, mara nyingi sana si selulaitisi. Ni nadra sana bakteria kuingia kushoto na kulia siku moja. Tafuta moyo, figo, au mishipa ya miguu iliyochoka.

Sasa nifike mahali ambapo karibu kila mtu anapita haraka, wauguzi, madaktari na wagonjwa wenyewe: katikati ya vidole. Nilimwomba bibi alaze mguu, nikatenganisha kidole cha nne na cha tano. Ngozi pale ilikuwa nyeupe, imelainika kama iliyokaa kwenye maji usiku kucha, ina harufu, na chini yake kuna mpasuko mwembamba unaotoa majimaji. Nyungunyungu. Fangasi wa kawaida kabisa, ambaye bibi anaye miaka na hajawahi kumhesabu kuwa ugonjwa. Huo mpasuko ndio mlango. Bakteria aina ya streptokoka wanapita hapo, wanapanda, na mguu unawaka. Kijana alikuwa akitafuta nani aliyemtegea mama yake kitu njiani, na kumbe mlango ulikuwa wazi kwenye mguu wa mama mwenyewe.

Huku kwetu pwani watu wanaosha miguu sana. Anayeswali anatia udhu mara tano kwa siku, na usafi huo ni kinga. Kinachoharibu ni maji yanayobaki kati ya vidole kisha mtu anavaa viatu vya plastiki au buti la shamba. Chukua kitambaa kikavu, kipitishe kwenye kila uwazi wa vidole, usiku paka dawa ya fangasi kwa wiki kadhaa, si siku tatu tu mpaka muwasho uishe. Usipotibu fangasi, umetibu mguu wa mwezi huu peke yake.

Tiba. Streptokoka wa mguu hawa bado wanakufa kwa penisilini, dawa ya tangu enzi za babu zetu. Kwa kuwa siwezi kujua kila mara kama stafilokoka, bakteria mwingine wa ngozi, naye yumo, kwa mtu mzima naandika kloksasilini au flukloksasilini miligramu 500 kila baada ya saa 6, siku 5 hadi 7. Ni vidonge. Mgonjwa anayekula, anayejitambua, asiyetapika, anapona kwa vidonge. Hapa nina ugomvi na upande wa pili, wale wa mjini wanaokuja wakidai "sindano kali" ya seftriaksoni kwa wiki nzima, na wanaowauzia. Mmoja anaikimbia sindano, mwingine anaikimbilia, na wote wawili wameamini kwamba mambo yote yako kwenye sindano. Sindano ni njia tu ya kufikisha dawa. Naitumia mgonjwa akitapika, presha ikishuka, akichanganyikiwa, au mguu ukizidi licha ya vidonge. Bibi alikuwa anatapika, kwa hiyo alihitaji dawa ya mshipani siku mbili za mwanzo. Tulizungumza na kijana nusu saa nzima mpaka akakubali.

Tafadhali usichukue maandishi haya ukaenda nayo duka la dawa. Kuna watu penisilini inawadhuru vibaya, na kuna miguu ambayo hata mimi inanishinda kuitambua. Mguu mmoja uliovimba, joto kidogo, homa haipo: je, ni selulaitisi au damu iliyoganda? Mara kadhaa nimeanza tiba zote mbili nikisubiri ultrasaundi ya kesho yake, na kesho yake ikanionyesha nilikosea moja. Ngozi isiyo na kidonda haina pa kuchukua sampuli ya maana, na kipimo cha kuotesha damu kwa wagonjwa hawa mara nyingi hakioti kitu. Tunatibu kwa mkono, kwa macho na kwa kurudi kuangalia.

Ndiyo sababu ya ule mstari. Siku ya kwanza na ya pili baada ya kuanza dawa, uvimbe unaweza kuvuka mstari kidogo ingawa dawa inafanya kazi, kwa sababu bakteria wanaokufa nao huchochea uvimbe. Mtu asibadilishiwe dawa kwa hofu ya saa 12 za mwanzo. Angalia homa, angalia kama amekula, muulize maumivu yakoje. Na mguu uinuliwe! Hili linaandikwa kwenye faili na hakuna anayelifanya. Weka tofali mbili chini ya kitanda upande wa miguuni, mguu ukae juu kuliko moyo. Kuketi kwenye kiti na mguu juu ya kigoda hakutoshi.

Kuna mguu mmoja usiosubiri mstari wala kesho. Maumivu ni makali kuliko unachokiona kwenye ngozi. Ngozi inakufa ganzi, malengelenge yanajaa damu, ukibonyeza unasikia kama chembe za hewa zikipasuka chini ya kidole, na mgonjwa anazidi kuzama saa baada ya saa. Hapo nyama ya ndani inaoza, na dawa peke yake haimwokoi. Ni chumba cha upasuaji usiku huohuo. Mgonjwa wangu wa kwanza mwezi huu alikuwa huyo. Ndugu walikataa kisu kwa kuwa tambazi haipasuliwi. Walipokubali, ilikuwa alfajiri.

Wenye matende wananiuma moyo zaidi. Mguu wao unawaka mara tatu, nne kwa mwaka, na wameambiwa ni minyoo imeamka, basi wanalala ndani mpaka ipite. Minyoo iliyoletwa na mbu iliharibu njia za maji ya mwili, ni kweli, lakini vipindi vile vya homa na moto kwa kawaida ni bakteria walewale, kupitia vidole vilevile. Kila kipindi kinauacha mguu mnene kuliko jana. Sabuni, maji safi na kukausha vidole kila siku hupunguza vipindi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa Uingereza na Ireland kwa watu 274 ambao selulaitisi ya mguu iliwarudia, uliwapa nusu yao penisilini kidogo kila siku mwaka mzima: iliwarudia asilimia 22, na waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 37. Walipoacha, kinga ikaondoka. Wa Australia wa mwaka 2020, wenye watu 84 waliokuwa na uvimbe sugu wa miguu, ulitumia vazi la kubana mguu: selulaitisi iliwarudia asilimia 15 ya waliolivaa, dhidi ya 40 ya wasiolivaa. Naliamini sana vazi hilo, ila kwenye joto letu la Machi wagonjwa wanalivua na siwalaumu.

Bibi aliondolewa sindano Jumapili, akaruhusiwa na vidonge. Jumatano alirudi anatembea. Ngozi ilikuwa imeanza kukunjana na kubambuka, uvimbe umerudi chini ya mstari kwa upana wa vidole vitatu. Ndani ya mkoba alikuwa na kitambaa kidogo cha kukaushia vidole, akanionyesha. Kijana akasubiri mama yake atoke, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: shangazi yake kule kijijini paja limevimba wiki ya pili sasa, hajachomwa sindano yoyote, wanamlinda. Nikamwambia amlete leo, asingoje gulio la Ijumaa.