Kabla ya dodoso, tazama mwezi

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kutathmini namna kijiji cha pwani kinavyoweza kuumizwa na mabadiliko ya tabianchi, nilikosea siku. Tarehe ilikuwa sawa, maji ndiyo niliyoyakosea. Nilifika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja, kusini ya Paje, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mpevu, na saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekupwa karibu hadi mwambani. Barazani walikuwepo wanaume, wakanijibu dodoso langu kwa heshima zote. Wanawake niliwaona kwa mbali, kanga za rangi juu ya mchanga uliolowa, wameinamia mwani. Jioni nilipopanga karatasi, za wanawake zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na tathmini yenyewe ilikuwa ya mwani!

Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua kompyuta natazama jedwali la maji. Maji mafu, bahari isipokupwa sana, ndiyo siku za kukaa na watu kwa utulivu.

Tunapima nini hasa? Ripoti za Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2001 na 2007 ziliugawa udhaifu wa jamii katika mambo matatu: kinachokujia, namna unavyoumia kikikufika, na ulichonacho cha kujiokoa. Ripoti iliyotoka 2013 na 2014 ikapanga upya: tukio lenyewe likawekwa pembeni, na walioko kwenye njia yake pembeni, udhaifu ukabaki kuwa habari ya watu na maisha yao. Wataalamu wengine bado wanabishana kuhusu mpango upi ni bora. Mimi sina ugomvi na fomula. Ugomvi wangu ni na wastani, na nitaufikia.

Chukua mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Zipo aina mbili: spinosamu, ambayo ni ngumu kidogo lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri na roho nyepesi. Upande wa mashariki bahari imezungukwa na mwamba, maji ya ndani ni machache. Na bamvua la kwetu hukupwa sana mnamo saa nne, yaani maji yanakuwa membamba kabisa jua likiwa linapanda. Kipindi cha kaskazi, hasa Januari hadi Machi, maji hayo yanapita nyuzi 30 kwa urahisi. Mwani ukishachoka kwa joto hushambuliwa na vijidudu: matawi yanageuka meupe, yanakuwa laini, ukishika linakatika mkononi. Kamba inabaki na vitaitai vyake, vile vikamba vya kufungia mwani, vitupu. Kotonii karibu imetoweka kwenye vijiji hivi, kwa hiyo wanawake wamebaki na ile ya bei ndogo.

Hayo ni yale yanayowajia. Kuhusu kuumia, joto peke yake halikuelezi kitu. Safari ya pili nilichora misimu mchangani, kaskazi, masika, kusi na vuli, nikampa kila mama komwe ishirini za bao azigawe kulingana na hasara. Bibi mmoja aliweka tisa kwenye kaskazi, sita kwenye kusi kwa sababu ya upepo unaong'oa vigingi, nne kwenye masika, moja kwenye vuli. Akainuka kwenda zake. Kisha akarudi, akachukua tatu kutoka kusi akaziongeza kwenye kaskazi.

“Miaka hii na Idi iko huku,” akasema.

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 na 2025 iliangukia Machi, yaani mwishoni mwa msimu uleule ambao mwani unakufa, na ndipo zinapotakiwa pesa za futari, za nguo za watoto, za viatu. Joto lilelile likija mwaka ambao Idi iko kipupwe linaumiza namna nyingine. Hakuna satelaiti itakayokuonyesha hilo.

Sasa wastani. Fahirisi nyingi, yaani alama moja anayopewa kila kijiji kuonyesha udhaifu wake, zinahesabu paa la bati, shule iliyo karibu, barabara, kipato cha kaya, halafu kila kitu kinajumlishwa na kugawanywa. Vijiji vya mashariki vina hoteli, vina lami, vina bati. Vinapata alama nzuri. Lakini bati pengine kalileta kijana aliyeajiriwa hotelini, na hoteli hiyohiyo imebana pwani ambako mama yake alikuwa akianika mwani. Nyumba moja ina mtu aliyenufaika na mtu aliyepoteza, na karatasi inawaandika kama kaya moja yenye hali ya kati. Nimewahi kukabidhi ripoti ya aina hiyo mwenyewe, ina ramani yenye rangi nzuri. Sijivunii.

Kwenye ulichonacho cha kujiokoa, dodoso nililokuwa nikilitumia liliuliza elimu, simu, mkopo, uanachama wa kikundi. Wakati huohuo, suluhisho linalozungumzwa kwa mwani ni kuusogeza maji marefu, kwenye nyavu za bomba, mwani ukiwa ndani yake, ambako joto ni nafuu. Maji marefu hayapimwi kwa cheti cha darasa la saba. Siku moja niliuliza kikundi kizima, nani anajua kuogelea? Wakacheka kwanza. Mikono miwili ikainuka, mmoja ukashuka.

Swali la pili ni chombo. Mitumbwi na ngalawa ni mali ya wanaume, na siku za kupwa vinatumika kwa pweza na samaki. Kwa hiyo siku hizi fomu yangu ina mistari miwili juu kabisa, kabla ya elimu: unaogelea, na chombo ni cha nani. Afisa mmoja aliniambia maswali hayo si ya kitaalamu.

Tulipomaliza kuwaeleza kuhusu nyavu, bibi wa komwe aliishika ile ya mfano, akaivuta kuona kama inakatika, akaikunja vizuri.

“Nzuri, mwanangu,” akasema. “Na ngalawa mtaileta lini?”