Mtoto mwenye usonji anapomeza bila kutafuna

Mwaka jana mama mmoja kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliniletea mwanawe wa kiume wa miaka 9, na kabla hajaketi alikuwa amekwisha kunieleza shida kwa neno moja: uroho. Alisema mtoto hufakamia chakula kama anayefukuzwa, kwamba posho (ugali wa mahindi) na maharage hukwisha kabla ndugu zake hawajamaliza kunawa, na kwamba shangazi yake amemkanya mpaka amechoka. Nilimwomba afungue bakuli la chakula alilokuja nalo, nikawasha saa ya simu, nikatazama bila kusema neno. Chakula kilikwisha kwa dakika 3 na nusu. Hata hivyo, kilichonishughulisha zaidi ni taya. Kwa kila tonge lilipanda na kushuka mara mbili au tatu tu, halikwenda kando hata mara moja, na ulimi haukusogeza chochote kuelekea kwenye magego. Kisha mtoto alipiga funda la maji, akameza, akachota tena. Nilipomuuliza mama kama huona maharage mazima chooni, alicheka kwa haya, akasema, "Daktari, umejuaje?"

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa tiba ya usemi, ingawa Kampala kila anayekutana na mgonjwa huitwa musawo, nami nimeacha kusahihisha. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya fani hii mwaka 2008, na bado tu wachache, kwa hiyo wazazi wengi hushangaa kusikia kwamba anayefundisha watoto kusema ndiye pia anayeshughulikia kutafuna na kumeza. Viungo ni vilevile: midomo, ulimi, taya na koo. Ninachotaka kueleza ni kwamba, kwa watoto wengi wenye usonji (autism) ninaowaona, kasi ya kula imezaliwa na tatizo la kutafuna. Asiyeweza kutafuna hana cha kumkawiza mdomoni, na kumwambia "kula polepole" ni kumdai kitu ambacho mdomo wake haujajifunza.

Mtoto huzaliwa akijua kunyonya, lakini kutafuna hujifunza. Akiwa na miezi 6 hivi hupandisha na kushusha taya tu. Kuelekea mwaka 1 ulimi huanza kukipeleka chakula upande, magego ya kwanza huota kati ya miezi 12 na 18 kwa watoto wengi, na mzunguko wa taya wa kusaga, ule unaofanana na mwendo wa jiwe juu ya jiwe, huendelea kukomaa mpaka mwaka wa 2 na wa 3. Yote hayo hujengwa kwa marudio, kwa sababu kila chakula kigumu kidogo huufundisha ulimi mahali pa kwenda na kulifundisha taya nguvu ya kutumia. Mtoto aliyekataa kila chenye chembe au nyuzi katika miaka hiyo hukosa mafunzo yenyewe, akafikia umri wa shule ana meno kamili na mtafuno wa mtoto mchanga.

Ugumu wa kula umetajwa tangu siku za mwanzo za elimu ya usonji. Daktari wa akili wa watoto, Leo Kanner, katika makala yake ya mwaka 1943 kuhusu watoto 11, aliandika kwamba baadhi yao walisumbua sana kula tangu uchanga. Mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani uliingiza tofauti za hisi miongoni mwa vigezo vya usonji, na hapo ndipo ninapopatia maelezo ya mambo mengi ninayoyaona mezani. Yuko mtoto ambaye chembe moja ya nyanya kwenye mchuzi humtapisha, na yuko ambaye tonge la kawaida halisikii kabisa, basi hujaza mdomo mpaka mashavu yanavimba, kwa kuwa ni hapo tu ndipo mdomo humpa taarifa kwamba kuna kitu ndani. Ipo pia hisi ya ndani ya mwili, ile inayotuambia tuna njaa, tumeshiba au tunataka kwenda haja. Kwa wengi wenye usonji taarifa hiyo huja hafifu au huja imechelewa. Hata kwa mtu yeyote, dalili za shibe huchukua kama dakika 20 kufika, na aliyemaliza sahani kwa dakika 4 atakuwa anaomba ya pili wakati tumbo halijasema lolote.

Hapa nyumbani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya wenzetu wa mbali havilitaji: meza yetu inaficha tatizo. Matoke yaliyopondwa, posho, kalo (ugali wa wimbi), viazi vitamu, mchuzi wa karanga, vyote vinateleza. Kalo hata watu wazima huchovya na kumeza bila kutafuna sana, wala hakuna anayeshangaa. Mtoto anaweza kukua mpaka miaka 7 au 8 akila vizuri machoni pa kila mtu, mpaka siku aletewe nyama ya kuchoma au chapati. Chapati hasa ni mtihani, kwa kuwa ikichanganyika na mate bila kusagwa hugeuka donge la kunata linaloganda kwenye kaakaa. Mzazi akiniambia mtoto hula roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na yai, kwa kuichambua, akala yai na kuacha chapati, sianzi na maneno ya kudeka. Naanza na taya.

Si kila mwenye haraka ana tatizo la kutafuna, na ningekuwa mzembe kusema hivyo. Wako wanaokula mbio kwa sababu sinia ni moja na mikono ni sita, au kwa sababu bwalo la shule lina kelele za sahani na viti wasizozivumilia, na njia ya kutoka humo ni kumaliza. Ziko dawa pia. Risperidoni, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2006 kwa ajili ya hasira na fujo kali za watoto wenye usonji, huongeza hamu ya chakula, na mzazi akiona mabadiliko hayo ayajadili na daktari aliyeiandika badala ya kuikatiza mwenyewe.

Kabla ya zoezi lolote mimi huomba mdomo ufunguliwe. Jino lililooza huuma, na mtoto asiyesema hujifunza kulikwepa kwa kumeza haraka. Natazama pia chonge. Bado kuna familia Uganda ambazo mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hupelekwa kung'olewa "ebinyo", yale ambayo majirani zetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki, na kinachotolewa kwenye ufizi kwa kweli ni vichipukizi vya chonge ambazo hazijaota. Ung'oaji huo huweza kuharibu hata chonge za ukubwani. Silaumu bibi aliyempeleka, lakini nahitaji kujua, kwa sababu mpango wa kung'ata utabadilika. Choo kigumu nacho ni cha kawaida kwa watoto hawa, na huharibu ulaji kuliko wazazi wanavyodhani. Mtoto anayepata nimonia mara kwa mara, anayepungua uzito, au ambaye sauti yake husikika ina majimaji baada ya kumeza, ninampeleka kwanza hospitali, mazoezi yatasubiri.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Kwa mtoto wa Arua tulianza na viazi vitamu vilivyochemshwa vikabaki vigumu kidogo, vikakatwa vipande virefu vyembamba mfano wa kidole, si vya mviringo. Mama alikishika kipande kwa upande mmoja na kukiweka juu ya magego, si mbele ya ulimi, kwa sababu chakula kikitua mbele ulimi hukivuta nyuma na kukimeza, lakini kikitua kando taya huitikia lenyewe. Ng'ata, pumzika, badilisha upande. Vipande 5 au 6 kila upande kabla ya chakula chenyewe, akiwa ameketi wima, miguu imefika chini; kwa kuwa kiti chetu kilikuwa kirefu tulimwekea debe kukanyaga. Baada ya wiki chache tulipanda kwenye gonja (ndizi) ya kuchoma. Karanga nzima tulizipiga marufuku, nyama ikachambuliwa nyuzi.

Kasi tuliipunguza bila maneno, kwa sababu maneno "taratibu, taratibu" yakirudiwa huwa kelele tu. Chakula kilikuja kwa bakuli dogo, kijiko cha chai, vijiko vinne kisha bakuli linajazwa tena. Maji yaliondolewa katikati ya mlo, maana alikuwa akiyatumia kusukumia matonge. Kwa kijana mkubwa natumia hila nyingine, ambayo msingi wake ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, ambapo vijana 3 wenye usonji walipewa kifaa cha mfukoni kinachotetemeka kuwaashiria wakati wa kuchukua tonge jingine, na ulaji wao ukapungua kasi. Kifaa hicho sina. Baba mmoja wa hapa Kampala aliweka simu ndogo ya vitufe kwenye mfuko wa shati la mwanawe, akawa anambipu kutoka upande wa pili wa meza, na kijana alikuwa anasubiri mtetemo kama anayesubiri zamu.

Kuhusu hatari, Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri. Aliyepaliwa anakohoa kwa sauti. Mwache akohoe, msimamie, usimpe maji. Aliyesakamwa hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, na huyo hana muda. Kwa mtoto aliyezidi mwaka 1, mwinamishe mbele, umpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Chakula kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mfupa wa kifua, uvute kwa nguvu kuingia ndani na kupanda juu mara 5, kisha rudia vyote huku mtu akiita msaada. Mtoto wa chini ya mwaka 1 habanwi tumbo. Baada ya kumpiga mgongoni, hubonyezwa katikati ya kifua. Usipekue kwa kidole kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani. Na mtoto aliyepaliwa na karanga akatulia, halafu siku zilizofuata akabaki na kikohozi au mlio kifuani, apelekwe hospitali hata kama anacheza, kwa sababu punje inaweza kuwa imeshuka kwenye mapafu.

Mama yule alinipigia simu mwezi wa nne. Hakuzungumzia dakika hata kidogo. Alisema maharage hayaonekani tena chooni. Nyumbani mlo sasa unafika dakika 12 au 13. Shuleni bado anakula mbio siku za wali, bwalo linapojaa, ingawa matroni amekubali kumwita kwanza na kumkalisha karibu na mlango. Chapati hatujaijaribu.