Mafungo si kufunga: maneno kwa wazazi wa Malindi wenye watoto katika vyuo vya Kikatoliki

Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa Barani anayeuza mahamri na mbaazi alinisimamisha nje ya kanisa akanipa simu yake. "Mwalimu, hebu nisomee hapa." Kioo kilikuwa na alama za unga. Ujumbe ulitoka kwa bintiye aliye mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Kikatoliki huko Nairobi: wikendi ijayo tunaenda mafungo, Ijumaa hadi Jumapili, naomba nauli. Mama alinikazia macho. "Siku tatu bila kula? Nauli hiyo situmi."

Hofu yake naielewa kabisa. Mtu wa Pwani akisikia mfungo, anaelewa kuacha chakula. Na tangu Aprili 2023, jina la Shakahola halijatutoka. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, ya watu waliojinyima chakula kwa jina la imani, watoto wakiwemo. Mzazi wa Malindi asiyeshtuka akiambiwa mwanawe anapelekwa mahali kusali kwa siku kadhaa, huyo ndiye wa kushangaza.

Lakini mafungo, kwa lugha yetu Wakatoliki, ni kujitenga. Wanafunzi wanaacha darasa na pilikapilika za bweni, wanakaa kimya, wanasikiliza mafundisho, wanahudhuria Misa, anayetaka anaungama. Na wanakula: chai asubuhi, chakula mchana, chakula jioni. Hata kufunga kwenyewe Kanisa limekuwekea mipaka. Siku za lazima ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena kwa watu wa kuanzia miaka 18 hadi 59. Siku hizo unaruhusiwa mlo mmoja kamili na milo miwili midogo. Mgonjwa na mjamzito hawabanwi. Kwa hiyo uliza bila haya: wanakwenda wapi, nani anaongoza, nani anapika, wanarudi saa ngapi. Padre wa chuo anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Ukiona majibu yanazungushwa, mzuie mwanao.

Dhana ya pili naisikia zaidi kwa majirani zetu Waislamu, na hata kwa ndugu zetu wa makanisa mengine: mtoto akiingia chuo cha Kikatoliki atarudi na rozari shingoni. Jimbo letu Katoliki la Malindi, tangu lianzishwe mwaka 2000, limebeba Malindi, Tana River na Lamu, na katika sehemu hizo hakuna Mkatoliki asiyekula pilau ya Idi kwa jirani. Swali hili basi linastahili jibu la wazi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 748, inakataza kumlazimisha mtu yeyote kupokea imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Waraka wa Papa Yohane Paulo II wa tarehe 15 Agosti 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki unasema uhuru wa dhamiri wa kila mmoja uheshimiwe kikamilifu, na kwamba juhudi za watu wa dini nyingine chuoni za kusali na kutafakari kwa imani yao ziheshimiwe pia. Ubatizo wa mtu mzima haufanyiki kichinichini: lazima aombe mwenyewe, kisha afundishwe, aghalabu kwa mwaka mzima au zaidi. Kuna jambo ambalo mzazi asifichwe, nalo ni kwamba vyuo vingi vya aina hii vina masomo ya maadili au falsafa kwa kila mwanafunzi, wa dini yoyote. Yanafundishwa na kutahiniwa kama masomo mengine. Huko si kubatizwa, lakini ni vizuri mlijue kabla ya kulipa karo.

Wengine wanadhani huko ni seminari, yaani chuo cha kuandaa mapadre. Dhana hii ina asili yake. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kule Lang'ata, kilianza mwaka 1984 kama taasisi ya juu ya teolojia. Kilipata hati ya chuo kikuu mwaka 1992, na leo kinafundisha sheria, biashara na ualimu.

Vijana wenyewe wana yao: ukimweleza padre shida yako, mkuu wa wanafunzi atajua kabla ya jua kuzama, na nyumbani watapigiwa simu. Dhana hii inaniuma, kwa sababu inamweka mbali msichana aliyepata mimba, au kijana aliyecheza kamari akamaliza karo, wakati anahitaji mtu kuliko siku zote. Ukweli ni kwamba siri ya maungamo haivunjwi kwa lolote, kanuni ya 983. Padre hawezi kumwambia mkuu wa chuo, wala polisi, wala mama mzazi. Mazungumzo ya ushauri nje ya maungamo ni faragha pia, ila hayana kifungo kile kile, na kijana ana haki ya kuuliza mapema: hili nikikwambia, utamwambia nani?

Dhana ya mwisho ni yetu sisi wazazi na makatekista. Tunalipa karo, tunamkabidhi mtoto kwa padre wa chuo, tunajiona tumemaliza: imani yake imepata ulinzi. Hapana. Padre mmoja ana maelfu ya wanafunzi. Anayemwona mwanao akiacha kwenda Misa ni mwenzake wa chumba, wa kitanda cha pili.

Na hilo lina historia inayofika mpaka kwetu. Fransisko Ksaveri, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Paris aliyejitafutia ukubwa, aligeuzwa moyo na mwenzake wa chumba kimoja, Ignasio wa Loyola, ambaye wakati huo hakuwa padre bado. Mwaka 1542, akielekea India, Ksaveri alitia nanga hapa Malindi, na lile kanisa dogo la makuti lililo karibu na ufuo bado linahusishwa na safari yake. Katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa na watu, nao wachache. Pia alimuuliza: je, huko kwenu makanisa yanajaa, na watu wanasali kwa moyo?